Kafi Iliyosimama Juu ya Jiwe

Walikale, tarehe 5 Mei 1968

Mudogo wangu mupenzi Godelieve,

Mungu wa amani akukute muzima mu nyumba yako ya Lushebere, wewe na shemeki Théophile, na watoto Constance na Marcellin. Mugongo wako iko namna gani? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba unalima ukiwa umefunga kitambaa kiunoni kama muke mwenye amezaa jana. Nilisikitika sana. Uniambie kama dawa ya masista ilisaidia.

Huku siye tuko, kwa neema. Macho ya Mama yetu Anastasie imezimika kabisa mwaka huu, lakini masikio na pua imekuwa makali mara mbili. Juzi muke wangu Adelaïde aliingia na nyama ya pori ameificha ndani ya kitenge, alitaka kuipika bila majirani kujua. Mama akasema kutoka kwenye mukeka: "Adelaïde, ile unaificha, usisahau muguu moja ni ya kwangu." Tulicheka mupaka machozi.

Sasa neno lenye limenifanya nishike kalamu. Kwa sikukuu ya Uhuru watu wa kamati wametangaza mashindano ya mitumbwi. Kutoka kwenye daraja ya Walikale, kuteremuka Lowa yote, mupaka pale Lowa inamwaga maji yake mu Lualaba. Siku ine. Wanaume wawili mu kila mutumbwi. Mwenye kufika wa kwanza atapata manjanja ya kufunika nyumba, makumi mawili na ine, mapya, ya kung'aa.

Dada, wewe unajua shapeli yetu. Mimi katekista ninafundisha watu habari ya nyumba ya Baba mbinguni, na nyumba ya Baba hapa iko inavuja. Siku ya Pasaka Padri alisoma misa na beseni pembeni ya kalisi, matone inalia ting, ting, watoto wanacheka. Niliona haya kama nimevua nguo.

Lakini Grégoire, mwenye tulikuwa tunapiga kafi pamoja tangu ujana, muguu wake umevimba, hawezi kukaa mu mutumbwi. Wanaume wengine wote wa muto wamekwisha kupata wenzao. Mimi ninahitaji mikono tu. Kuongoza ninaongoza mwenyewe kutoka nyuma. Na mikono ya Théophile ninaijua, nilimuona akiangusha muti wa watu watatu peke yake. Tukishinda, tunagawanya: nusu ya shapeli, nusu ya nyumba yenu, yenye tangu iliungua mu fujo ya ile miaka munalala chini ya majani.

Mukono wangu njo utamupokea, mukono wangu njo utamurudisha.

Kaka yako,
Barthélemy


Lushebere, tarehe 19 Mei 1968

Kaka Barthélemy,

Salamu nyingi, na kwa Mama, na kwa Adelaïde mwizi wa nyama. Siye tuko wazima. Mugongo unauma asubuhi, mchana unasahau. Constance amepata komunyo ya kwanza. Marcellin anakohoa, lakini anakohoa akikimbia, kwa hiyo sina wasiwasi.

Barua yako ilinikasirisha. Siku tatu nilikataa. Nilimwambia: "Baba Constance, wewe unaogopa hata maji ya kunawa." Akanijibu: "Maji ya kunawa iko baridi, njo maana." Siku ya ine mvua ilinyesha, ikapita juu ya kitanda cha watoto, akawahamisha mumoja mumoja kama mama paka. Asubuhi aliniuliza: "Niende?" Nikamwambia aende.

Basi ninamutuma kwako. Anakuja na maharagi mufuko moja na jibini kidogo ya kwa wazungu. Sikia masharti yangu:

Hajui kuogelea. Umufunge kamba kiunoni, na ncha ingine uifunge ku mutumbwi. Asikatae.

Tena, arudi mbele ya mwezi wa tisa. Maharagi haingoji muntu.

Tena, umuvumilie. Yeye ni muntu wa kuuliza. Mbele ya kutia jembe mu udongo ananiuliza kama ni pale. Chumvi kama imetosha ananiuliza. Ukimujibu, anashika jibu lako kama ni Mungu njo amesema, haulizi tena. Kwa hiyo umujibu vizuri.

Ninaomba Rozari kwa ajili yenu. Usipoandika upesi nitafikiri mumekwisha kuliwa na mamba.

Mudogo wako,
Godelieve


Walikale, tarehe 21 Julai 1968

Mudogo wangu Godelieve,

Ninakusalimia. Mama anakusalimia, Adelaïde anakusalimia, Théophile pia.

Tulishinda. Tulifika wa kwanza, tarehe 30 ya mwezi wa sita, saa za mchana. Manjanja yenu kumi na mbili ninaipa shofere wa kamiyo ya Sake, muntu muzuri, atakuletea mupaka Lushebere. Uhesabu zote mbele yake.

Théophile amebaki huku kidogo. Kuna kazi alianza, lazima aimalize. Usiwe na wasiwasi, ni muzima.

Niko na kazi mingi ya shapeli. Nitaandika tena.

Barthélemy


Lushebere, tarehe 11 Agosti 1968

Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na Mama pia. Siye tuko.

Manjanja ilifika Jumatano. Nilisikia kamiyo inapanda, nikaacha jembe, nikakimbia na udongo mu mikono. Watoto walinitangulia. Constance alizunguka kamiyo mara mbili, akachungulia mupaka chini ya magurudumu. Akamuuliza shofere: "Na Baba?" Shofere akasema: "Mimi nilipewa manjanja tu."

Unajua vile watu wa hapa wako. Jirani yangu Marie alisimama na mikono kiunoni, akasema kwa sauti ili njia yote isikie: "Mama Constance! Kumbe ulibadilisha mwanaume na manjanja? Uniambie soko iko wapi, na mimi nipeleke wangu, hata kwa sita nitakubali." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Halafu niliingia mu nyumba.

Wengine wanasema amepata muke wa mutoni. Kaka, kama ni vile, andika tu. Mimi ni mukubwa, nitalia nitamaliza. Lakini "kazi alianza lazima aimalize", hii si maneno ya kuandikia dada. Kazi gani? Ya nani? Wewe barua yako ya kuomba mwanaume ilijaa karatasi mbili, na ya kuniambia mumeshinda haikufika hata nusu. Muntu mwenye ameshinda haandiki vile.

Manjanja nimeiegemeza ku ukuta. Sitaipandisha. Mwenye kuipandisha ni yeye.

Unijibu.

Godelieve


Walikale, tarehe 8 Septemba 1968

Mudogo wangu mupenzi,

Unisamehe kwa kuchelewa. Kamiyo ilikufa Kashebere, barua yako ililala pale wiki mbili. Tena nilikuwa mugonjwa kidogo, malaria. Sasa ni vizuri. Mama anauliza habari zako kila siku, anasema mugongo wa muke ni kama muhogo, ukivunjika haushoneki. Nami ninasema amina.

Hakuna muke wa mutoni. Nakuapia mbele ya Bikira.

Njo hii. Mu mashindano watu wawili walikufa. Hubert wa hapa Walikale, mwenye ulikuwa unamujua kama mutoto, yule wa meno ya mbele kuachana, na mudogo wake Jean-Marie. Siku ya tatu, mu maporomoko makubwa, mutumbwi wao ulipasuka, wakapanda juu ya jiwe katikati ya maji. Siye tulipita pale. Théophile alikuwa mbele. Aliwaona wamekaa wawili, kafi yao imesimama kati ya mawe. Alidhani wanapumzika. Tukapita. Ile siku mvua ilikuwa imenyesha kwenu milimani, maji ikapanda, ikafunika lile jiwe. Wenye walikuwa nyuma yetu waliogopa muto wakalala ku ngambo mupaka kesho yake. Walipopita, jiwe halikuonekana.

Jean-Marie tulimupata mu majani, siku ya saba. Hubert bado.

Théophile alisema mbele ya watu wote kwamba ni yeye. Kutoka siku ile amekwenda kukaa mu kiwanja cha Jeannette, mujane wa Hubert. Hakuna muntu alimutuma. Anapasua kuni, anachota maji, anamulimia shamba, analala mu kibanda cha mbuzi. Jeannette siku ya kwanza alimumwagia maji machafu, akamwambia: "Mwanaume wa mulima, umekuja kuniangalia na mimi nikizama?" Alichukua fagio akafagia ile maji.

Watoto wa njia wanamuita "Papa Wanapumzika". Ninawafukuza, wanarudi.

Nilimwambia arudi kwenu. Anaendelea kupasua kuni. Umuombee.

Kaka yako,
Barthélemy


Lushebere, tarehe 6 Oktoba 1968

Kaka Barthélemy,

Mungu alinde Mama. Watoto ni wazima. Maharagi nilipanda peke yangu na Constance. Mistari yake imepinda kama nyoka, lakini imeota.

Barua yako nilisoma, nikalia kwa ajili ya Hubert. Nilikuwa ninamuita Mulango, sababu ya yale meno. Alikuwa ananirushia mawe. Nimesomesha misa yao hapa Masisi.

Halafu nilisoma tena. Na tena. Kaka, mimi ninaishi mulimani miaka kumi na sita, lakini sikuzaliwa mulimani. Mimi na wewe tulizaliwa ku Lowa moja, kwa baba mumoja. Unakumbuka vile alitufundisha? Alitukalisha mu muchanga akasimamisha kafi, akasema: mu maporomoko sauti haina kazi, maji inaikula. Mwenye kuzama hapungi mukono, hana nguvu ya kupunga. Anasimamisha kafi, anakaa chini yake, anangoja. Ukiona kafi imesimama juu ya jiwe, hata ukiwa na muke wako anazaa mu mutumbwi, unaenda. Mimi nilikuwa na miaka sita. Wewe ulikuwa na kumi na mbili, na alikupiga sababu ulikuwa unacheka.

Théophile hakujua ile alama. Angeijulia wapi? Kwetu huku muntu akikaa juu ya jiwe amechoka.

Lakini wewe ulikuwa nyuma. Mwenye kukaa nyuma anaangalia mbele, njo kazi yake. Théophile si muntu mufupi, lakini si ukuta.

Na neno lingine. Yule mwanaume hawezi kutia chumvi bila kuuliza. Na wewe unaniambia aliona watu wawili juu ya jiwe katikati ya maji, akakata shauri peke yake, "wanapumzika", basi?

Hakuuliza?

Aliuliza nani?

Godelieve


Walikale, tarehe 3 Novemba 1968

Dada yangu,

Nimekwisha kuandika barua hii mara ine, na mara ine nimeitia mu moto wa Adelaïde. Leo ninaandikia mu shapeli, mvua inapiga. Manjanja haivuji hata tone moja. Lakini mvua ikipiga juu yake, dada, sauti yake ni sauti ya maporomoko. Kama kuna mvua ninaongoza sala na sijisikii. Watu wanaona midomo tu.

Nitakuambia yote na utaniwazia vile utaniwazia.

Aliuliza.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa wa pili. Mbele yetu kulikuwa mutumbwi wa Hubert na Jean-Marie tu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha mbali, maji ilikuwa na rangi ya kahawa, inabeba magogo. Tuliingia mu maporomoko. Théophile alikuwa amefungwa kamba vile ulisema, anapiga maji kama anapasua kuni, hajui mutindo wa muto lakini nguvu, nguvu! Nilimupenda ile saa kama ndugu wa tumbo.

Tukatoka ku kona, nikaona kafi. Niliiona mbele ya yeye kuiona, dada. Imesimama, nyoofu, kama mushumaa. Na wale wawili chini yake, bega kwa bega, magoti kwenye kifua. Hubert aliangalia upande wetu. Hakupunga. Aliangalia tu, kama muntu mwenye anaona kamiyo aliyoingoja inakuja.

Kufika pale ilikuwa lazima tukate maji kwa upande wa kushoto, tufunge mutumbwi, turushe kamba, tuwavute. Nusu siku. Wengine wangetupita.

Théophile akageuza kichwa, akapaza sauti juu ya maji: "Shemeki! Wale iko na shida?"

Nikamwambia: "Wanapumzika. Piga maji."

Akapiga maji. Hakuuliza tena. Ulikuwa umeniandikia.

Nilisema mu roho: nyuma yetu kuna mitumbwi ine, ni watu wa muto, wataona, watasimama. Nilisema: jiwe lile ni kubwa. Nilisema: ni kwa nyumba ya Mungu. Njo hayo nilisema, moja moja, na mikono ilikuwa inapiga. Sikugeuka nyuma. Kama ningegeuka ningerudi, njo maana sikugeuka.

Ku Lualaba walituvika majani, watu wanaimba. Wa pili akafika, wa tatu, kesho yake. Hubert hakufika. Jeannette alikuwa amekuja na kamiyo kumungoja, na kuku mwenye amekwisha kuchinja. Wazee wakauliza kila muntu: nani aliwaona wa mwisho? Théophile, na roho yake safi, akajibu mbele: "Siye tuliwaona! Walikuwa wamekaa juu ya jiwe, kafi yao imesimama." Alikuwa anafikiri anawasaidia.

Muzee mumoja akamuuliza polepole: "Kafi imesimama, na mulipita?" Théophile hakuelewa. Akaniangalia. Na mimi niliangalia maji.

Aliniangalia muda murefu, Godelieve. Nikaona vile alielewa, kidogo kidogo, kama muntu anasoma barua. Halafu aliwageukia akasema: "Mimi njo nilikuwa mbele. Mimi njo nilisema wanapumzika. Katekista alikuwa nyuma, hakuona."

Sikusema neno. Tangu ile siku sijasema. Nilimuendea mara mbili ku kibanda cha mbuzi. Mara ya kwanza nilimuuliza sababu gani alisema vile. Akanijibu: "Wewe njo unafundisha watoto wetu kusali." Mara ya pili alikuwa anakohoa tu.

Na Jeannette hajazika. Unajua desturi yetu: mwenye maji imekatala kumurudisha, tunazika shina la mugomba mahali pake. Mimi kama katekista nilikuwa ninawaambia waache, sala inatosha. Lakini Jeannette anasema hatazika shina mupaka mwenye alimuona wa mwisho amwambie vile alikuwa amekaa. Anamuuliza Théophile, na Théophile anamwambia "nilidhani anapumzika", na yeye anasema: "Uongo. Macho yako haikuona kitu. Kuna kitu kinakosa."

Njo vile. Nimekwambia. Wewe tu njo unajua. Uniombee, na usichome barua hii mbele ya kunisamehe.

Barthélemy


Lushebere, tarehe 24 Novemba 1968

Barthélemy,

Mama hajambo? Umusalimie.

Barua yako iko ndani ya hii. Ninakurudishia. Sikuichoma, na sikukusamehe, sababu mimi si mwenye kusamehe. Ulikosea muntu wa kuandikia. Mimi sikuchinja kuku kungoja muntu mwenye hakufika.

Utaenda kwa Jeannette mchana, watu wakiwapo, Théophile akiwapo. Utaisoma yote. Usiruke pale pa "piga maji". Usiongeze Maandiko.

Mimi nilimutia mu mukono wako. Wewe njo uliandika vile: mukono wangu utamurudisha. Sasa ninataka mukono ule ufanye kazi.

Siku Théophile atapita mulango huu, utapata barua yangu. Mbele ya siku ile usiniandikie, hata ya salamu. Constance ameacha kuuliza. Njo inaniogopesha kupita kilio.

Godelieve


Walikale, tarehe 22 Desemba 1968

Mudogo wangu Godelieve,

Amani ya Bwana ikukute, na watoto. Sina ruhusa ya kukuandikia, ninajua. Soma mupaka mwisho, halafu utupe.

Nilisoma. Ilikuwa Jumapili tarehe 8, kiisha sala, mu kiwanja cha Jeannette. Niliwaomba Wakristu wote wanifuate, wakafikiri ni kubariki. Mama alitaka kuja, Adelaïde alimuongoza kwa mukono. Théophile alikuwa anashona kikapu. Nilisoma yote, na pale pa "piga maji" muzee mumoja akasema, "Rudia," nikarudia.

Walinitemea mate wawili watatu. Adelaïde aliniangalia kama muntu asiyenijua. Mama aliomba wamupeleke nyumbani, na kutoka siku ile akisikia ninaingia ananyamaza.

Jeannette hakulia. Aliniuliza: "Walikuwa wamekaa karibu?"

Nikamwambia: "Bega kwa bega."

Akauliza: "Hubert alikuwa upande gani?"

"Upande wa maji mingi."

Akasema: "Ndiyo. Yeye njo vile." Akasimama, akachukua panga ku ukuta, akaenda mwenyewe kukata mugomba. Tulizika jioni ile ile, pembeni ya Jean-Marie. Mimi nilichimba. Hakuna muntu alipokea jembe.

Nilimwambia Jeannette nitaondoa manjanja ya shapeli, zote, nimuletee. Akanijibu: "Usiondoe hata moja. Nitakuja kukaa chini yake kila Jumapili, na wewe utasimama mbele yangu uongoze." Njo ninafanya. Amekwisha kuja mara mbili. Anakaa mustari wa kwanza.

Sasa Théophile. Kesho yake asubuhi, tarehe 9, Jeannette alimupa muhogo wa kuchoma na blanketi ya Hubert, akamwambia: "Papa Théophile, rudi kwa muke wako. Umelima ya kutosha kwa kosa lisilo lako." Mara ya kwanza alimuita kwa jina. Nilimwambia angoje kamiyo, ao twende pamoja, nilikuahidi. Akaniangalia. Akasema: "Shemeki, njia ninaijua. Sina kitu cha kukuuliza." Akaenda kwa miguu, anakohoa. Nilimufuata mupaka daraja, yeye mbele, mimi nyuma. Alipogeuka nikasimama.

Muntu muzima anatembea siku tano mupaka kwenu. Muntu wa kukohoa, tuseme nane. Leo ni siku ya kumi na tatu.

Jana alipita hapa mwanaume mumoja wa Kashebere, anauza chumvi. Nilimuuliza, vile ninauliza kila muntu wa njia. Akasema ndiyo, wiki iliyopita, mbele ya kufika Kashebere, aliona mwanaume amekaa pembeni ya njia na blanketi juu ya mabega. Nikamuuliza: "Alikuambia nini?" Akasema: "Hakusema kitu, Baba." Nikamuuliza: "Na wewe, ulisimama?" Akasema: "Hapana. Nilidhani anapumzika."

Kesho asubuhi ninatoka. Nitapita njia yote kwa miguu, kila nyumba, kila jiwe, mupaka nimuone ao nifike kwenu. Barua hii ninaipa shofere, yeye atanitangulia.

Ulisema siku atapita mulango utaniandikia. Dada, kama amepita, hata kama ni mugonjwa, hata kama hataki kusikia jina langu, uandike neno moja, "amefika", uache Kashebere kwa muuza chumvi yule, anaitwa Munyakazi, kila muntu anamujua. Nitauliza pale wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Tafazali unijibu upesi.

Kaka yako,
Barthélemy